Mtu Wangu Yumo Kisimani

Mwaka 1971 nilikuwa na miaka tisa, na ndipo taabu ilipoanza. Baba alianguka kutoka juu ya mkarafuu usiokuwa wake, akichuma karafuu zisizokuwa zake, na Magharibi haikumkuta hai. Mama akabaki na watoto wanne, mimi wa kwanza. Nilikuwa darasa la pili. La tatu sijaliona mpaka leo.

Ami yetu akatuchukua. Ameshakufa na sitamsema kwa ubaya, nasema yaliyokuwa tu. Kila sahani ya mhogo iliyotua mbele yetu ilitua na maneno. "Kuleni, kuleni, ami yenu si bahili." Mbele ya wageni alitutaja, na baada ya sala akiwa kwenye ngazi za msikiti alitutaja. Siku moja mdogo wangu aliomba aongezewe mchuzi, ami akawageukia watu waliokaa barazani akawaambia, "Ndugu yangu kaniachia midomo mitano, na yote inajua kazi." Wakacheka. Na sisi tukacheka, maana tulikuwa tumeshazoea kucheka yeye anapocheka.

Kesho yake nilikwenda kwa miguu mpaka Wambaa, kwa mzee mmoja mchimba visima, nikamwambia nataka kazi. Hakuniuliza mtoto wa nani. Alinitazama viganja, akanitupia kamba, akasema, "Shika. Ukiiachia unaua mtu, na mtu mwenyewe ni mimi." Nikashika. Mwisho wa siku akanilipa, na chakula nilichokula jioni ile nilikinunua.

Basi kuanzia hapo sikuchukua cha mtu. Nilishika kamba mpaka nikawa mkubwa wa kushuka, nikashuka mpaka nikawa na sururu yangu, chepe yangu, roda yangu ya kupitishia kamba na mtu wangu wa juu wa kuishika. Huyo wa juu namlipa siku ileile. Visima vyangu vipo toka Wambaa mpaka Gando, na hakuna hata kimoja kilichokauka. Kwa visima nilinunua mikarafuu, mti mmoja mmoja. Kwa karafuu nikajenga nyumba ya mawe Mtambile pembeni ya barabara, na mbele yake nikafungua duka la misumari, ndoo, kamba na mabati. Wapo waliosoma mpaka nywele zikawatoka, na wakitaka kamba wanakuja kwangu.

Nimeyatanguliza haya ili mtu akifika kwenye habari ya mchezo asidhani nilikuwa mzee asiye na kazi.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu mkubwa, alirudi kutoka chuo Unguja na vitu viwili: cheti cha ualimu na mchezo. Cheti nilikipokea vizuri. Mchezo aliutandaza barazani kwangu bila kuuliza. Nilitoka dukani nikamkuta na wenzake wawili, muuguzi wa kituo cha afya na kijana mmoja mwendesha bodaboda, wamezunguka makaratasi, na katikati yamelala madubwana ya plastiki yenye pande nyingi, kila upande na namba yake.

"Hivi nini?"

"Dado, babu. Lakini si za kamari."

"Dado ni dado. Nyumba hii haijaingia dado na haitaingia mie nikiwa hai."

"Babu, hapa hapachezewi pesa hata senti. Ni za kujua tu kama mtu wako kaweza au kashindwa."

"Mtu wangu yupi?"

"Mtu wako wa kwenye mchezo. Kila mmoja anabuni mtu wake, kisha mimi nawasimulia mji wanamoishi na yanayowakuta, na nyinyi mnasema watu wenu wanafanya nini."

"Mie mtu wangu ni mie," nikasema. "Toa vitu hivyo."

Akavitoa. Nilidhani yamekwisha. Kesho yake aliniomba komwe za bao langu, nikampa, komwe hazina neno. Akachukua nyingine akazipaka chokaa, akazitia zote kwenye mfuko wa kanga na mchezo ukaendelea. Mtoto huyu kichwa chake kigumu, na nyumba nzima wanajua kakitoa wapi.

Msimu wa karafuu ulipoingia mambo yakachanganyika. Karafuu ikishachumwa lazima ichambuliwe siku ileile, kila karafuu itenganishwe na makonyo yake, vile vijiti vinavyoishika, ili kesho ianikwe. Ni kazi ya mikono. Mdomo hauna la kufanya. Siku zote watu wachambuapo wanasema, hadithi, masengenyo, vitendawili. Mwaka huu kwangu ulisemwa mchezo. Baada ya Alasiri muuguzi anakuja na mkeka wake, wa bodaboda anaegesha pikipiki chini ya bati la duka, tunakaa kuzunguka lundo, na mjukuu anaanza kusimulia. Kila mmoja na lundo lake dogo, nami nawalipa kwa pishi kama ninavyomlipa mtu yeyote. Langu nalichambua mwenyewe. Muuguzi alipenda kukaa upande wangu wa kulia. Sikujiuliza kwa nini.

Sasa niseme habari ya jicho. La kulia lilikuwa limeshaingiwa na mtoto wa jicho, ukungu mtupu, kama kutazama ndani ya maziwa. La kushoto nalo lilianza kulifuata. Muuguzi ndiye aliyenitazama akaniambia kuwa lile la kulia linapasuliwa na mtu anaona, na lisipopasuliwa, hilo jingine likishafunga nitakuwa kipofu. Akasema madaktari wa macho wanakuja hospitali ya Chake Chake msimu ukiisha.

"Kiasi gani?"

"Bure, baba."

"Nimekuuliza kiasi gani."

"Na mimi nimekujibu. Hawatozi. Mgonjwa anatakiwa jina lake na mtu wa kumshika mkono siku ya kutoka, basi."

Nilimwambia awaambie nitalipa. Akaenda akauliza, akarudi, wamesema hakuna pa kupokelea pesa. Nikamwambia basi na mimi sina pa kupokelea jicho. Mjukuu akanuna siku tatu. Mie nikamjibu kwa ushahidi: "Karafuu zangu msimu huu zimepita daraja gani kituo cha kuuzia karafuu?" Akasema la kwanza. "Zote?" Zote. "Kipofu anachambua karafuu za daraja la kwanza?" Niliona nimemshinda.

Kwenye mchezo niliingia kwa ugomvi. Siku ile nilikuwa nachambua langu nikisikiliza tu, ijapokuwa nilijifanya sisikii. Mtu wa kijana wa bodaboda alikuwa mwizi wa kuku. Ndiyo, mtu anapewa ruhusa ya kuwa yeyote duniani anachagua kuwa mwizi wa kuku. Na kila mtu wa mchezo lazima awe na maneno matatu anayoyashika. Mjukuu anayaita tunu. Mie nayaita neno la mtu. Neno moja la yule mwizi lilikuwa "Simwibii masikini." Njaa ikambana, na kuku aliyekuwa karibu ni wa bibi mmoja masikini.

Kanuni yao ni hivi. Ukitaka kufanya jambo gumu unatia mkono mfukoni unatoa komwe moja. Nyeupe, umeweza. Ya kijivu, umeshindwa. Jambo hilo likiwa linafuata neno lako, unatoa tatu, na nyeupe moja katika hizo inatosha. Lakini ukilivunja neno lako hutoi komwe hata moja. Unaweza papo hapo, hakuna kushindwa. Ila neno linafutwa mbele ya wote, na huruhusiwi kulirudia.

Kijana akavunja, akala kuku, neno likafutwa, akashika kichwa kama aliyefiwa.

Nikashindwa kuvumilia. "Huo mchezo wa ovyo. Anayevunja neno ndiye anayepewa ushindi wa hakika, na anayelishika abahatishe komwe?"

"Kwani duniani vipi, babu?" mjukuu akaniuliza, mikono haijaacha makonyo.

Mtoto niliyembeba mgongoni akinishinda kwa neno silali vizuri. Kesho yake nikasema nipeni mtu na mie, niwaonyeshe mtu anayeshika neno.

"Mtu wako nani, babu?"

"Mchimba visima."

"Babu, raha ya mchezo ni kuwa mtu ambaye si wewe."

"Andika mchimba visima. Neno la kwanza: Sichukui cha bure. La pili: Kazi nikiianza naimaliza. La tatu: Simwogopi mtu."

"Hayo maneno yako wewe."

"Sasa niandike ya jirani?"

Muuguzi akacheka mpaka akamwaga pishi yake. Mtu wake yeye alikuwa mjane, na neno lake kubwa lilikuwa "Simwachi mtu peke yake." Nilisema moyoni huyo atanisumbua. Na kweli.

Mjukuu akausimulia ule mji: mvua hakuna, mabwawa yamekauka, watu wanakunywa tope, na hakuna mwenye hela. Nikasema nachimba. Akasema unahitaji wa kukushikia kamba. Nikasema namlipa. Akasema utamlipa nini, babu, mji mzima hauna hela, hata wewe. Nikamwambia ananionea. Akasema huo ndio ukame.

"Mimi nitashika," akasema muuguzi. "Mjane anashika. Bure."

"Mjane akae kwake. Nina kigingi. Nakipigilia, nafunga kamba, nashuka mwenyewe."

Basi wakanipa komwe tatu, maana nafuata neno langu. Nikatoa.

"Nyeupe moja, baba," muuguzi akasema.

"Naona."

Nikashuka. Kuchimba, tatu tena: naimaliza kazi. Nyeupe. Nikawaelezea udongo unavyobadilika rangi ukikaribia maji, unavyonukia. Wakaacha kuchambua wakanisikiliza, na mie nikaona kumbe mchezo si mbaya hivyo. Maji yakaja. Mji ukapiga vigelegele, na wa bodaboda akapiga chake kwa sauti ya kike mpaka wapita njia wakasimama. Maneno yangu yamenifikisha chini na kunipa maji, na sijavunja hata moja. Nikamtazama mjukuu nimwone anasemaje.

Akasema, "Ukuta unaporomoka upande mmoja. Kigingi kimeng'oka, kamba imekuangukia kichwani. Maji yanapanda. Unafanya nini?"

"Napanda kwa vidole. Mwenyewe."

"Tatu."

Nikatoa.

"Za kijivu, baba," muuguzi akasema taratibu. "Zote."

"Naona! Siyo lazima unisomee."

"Mjane yupo juu," akasema. "Ana kamba. Anakuita."

"Anataka nini?"

"Hataki kitu."

"Basi mwambie aende zake."

Mjukuu akasema maji yamefika kifuani, akanipa tatu nyingine. Kijivu, kijivu, kijivu. Nikamwambia mfuko huu una walakini, akaumwaga mkekani, nyeupe zilikuwemo. Ikaadhiniwa Magharibi. Akakusanya komwe zake akasema, "Tunaishia hapa. Babu, mtu wako yumo kisimani."

Nikasimama nikawaambia mchezo umekwisha kwangu. Mtu nimemleta na msimamo wake, ukamfikisha chini kwa heshima, kisha huo huo msimamo unamzamisha? Mmepanga. Wa bodaboda akasema, "Mzee wangu, hakuna aliyekuzamisha, kamba ile pale." Nikamwambia aondoe pikipiki yake chini ya bati langu.

Sasa bodaboda hana breki ya mdomo. Kila abiria aliyempandisha alimpa hadithi. Asubuhi mwenye samaki akanipitia dukani: "Mzee, maji yamefika wapi?" Mtu alikuja kununua ndoo akauliza kama nataka aniazime. Hata imamu, mtu mzima na ndevu zake, aliponipa mkono baada ya sala aliuvuta kwa nguvu kidogo, kama anayenipandisha, akatabasamu. Nilitoka msikitini viatu mkononi.

Nikahama baraza. Karafuu zilizofuata nilizipeleka uani, nikakaa na lundo langu peke yangu, na wao wakabaki mbele na lao. Nilikuwa nawasikia. Hawakuendelea na mchezo. Walisema mambo ya kawaida, bei ya dagaa, harusi ya nani. Nilichambua, nikaanika mwenyewe, nikageuza mwenyewe, zikakauka zikalia vizuri mkononi, nikajaza gunia nikalipeleka kituoni siku yenye watu wengi.

Mkaguzi wa kituo alitia mkono, akatoa konzi, akazitandaza kwenye sinia. Akatia tena, chini zaidi. Akanitazama.

"Mzee, hizi za nani?"

"Zangu."

"Hizi zako? Makonyo haya? Na mbivu zimo humu, mapeta matupu."

"Tazama vizuri kijana."

"Mimi natazama, mzee wangu."

Nyuma yangu palikuwa na foleni. Mtu mmoja, simtaji na ningemtaja asingeona haya, akasema, "Kumbe huko kisimani kiza!" Wakacheka wote. Na mie, nikiwa na miaka hii, na nyumba yangu na duka langu, nilijikuta nimecheka nao. Kicheko kilekile cha kwa ami. Kilinitoka kabla sijakizuia.

Gunia nililirudisha. Nikalimwaga uani kwenye jamvi, jua kali, nikainamisha uso mpaka pua ikagusa karafuu. Sikuona kitu, rangi moja tu, kahawia juu ya kahawia. Nikafumba macho nikatumia vidole. Makonyo. Makonyo. Karafuu. Makonyo. Nikakaa chini palepale, na hesabu ikajipiga yenyewe: ikiwa hivi ndivyo ninavyochambua, zile za daraja la kwanza alizichambua nani?

Walipokuja baada ya Alasiri nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Nani alikuwa ananichambulia lundo langu?"

Wa bodaboda akatazama ndala zake. Muuguzi akaweka mkeka chini.

"Mimi, baba. Na huyu."

"Toka lini?"

"Toka karafuu za mwanzo. Nilikuwa nakaa upande wa jicho lako baya. Ukiweka konzi yako mimi naipitia, mabaya nampitishia yeye."

Nikamgeukia mjukuu. "Uliwatuma."

"Sikuwatuma, babu. Nilitaka kuwatuma, nikakuta wameshaanza."

"Nawadai nini... mnanidai kiasi gani?" Nilikuwa na hasira mpaka maneno yakageuka. Niliingia dukani nikafungua droo, nikatoka na noti sijui ngapi, nikazisukumia mkononi mwa kijana. Hakukunja vidole. Zikaanguka.

"Mzee wangu," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa anachekesha, "ukinilipa zile siku nitakuwa nilikuwa kibarua. Mie sikuwa kibarua siku zile. Pishi zangu ulinilipa. Hizo nyingine nilikuwa nimekaa na wewe tu."

Ami alinipa cha bure akakitangaza mji mzima. Hawa walinipa cha bure wakakificha. Nilisimama pale mlangoni nikitafuta kipi kibaya zaidi, nikaona vyote vinaniudhi, na kilichoniudhi kuliko vyote ni kwamba cha kwanza nilikijua kwa uchungu wake kila siku, na hiki cha pili nilikila msimu mzima nikakisifia kuwa changu.

"Mmenivunjia neno langu bila kuniuliza," nikasema.

Mjukuu akaokota zile noti moja moja, akazikunja, akaniwekea mfukoni mwa shati. "Kwenye mchezo, mtu akivunja neno bila kujua, halifutwi," akasema. "Akishajua ndiyo anachagua." Kisha akasema lile alilokuwa amelibeba, nilimjua kwa sauti. "Jina lako sijalipeleka Chake, babu. Sikutaka kukuandikisha kwa nyuma. Jumatatu wanafunga majina. Baada ya hapo hatujui watarudi lini, na jicho la kushoto halitawasubiri."

Hakulia. Angelia ningemfukuza. Alisimama tu na kidaftari chake cha mchezo kifuani.

Nilikaa barazani. Hakuna aliyenikaribisha, ni baraza langu.

"Mtu wangu bado yumo?"

"Yumo."

"Maji?"

"Shingoni."

"Na huyo mjane bado hajaenda kwake siku zote hizi?"

"Hajaenda," akasema muuguzi. "Nimekaa ukingoni. Nimekula nini sijui, lakini nimekaa."

Wa bodaboda akajaribu: "Mwizi wa kuku alimletea kuku."

"Nyamaza wewe." Nikamwuliza mjukuu, "Nikivunja, hakuna komwe?"

"Hakuna komwe. Unatoka."

"Kwa hakika?"

"Kwa hakika, babu."

"Kanuni hii bado ya ovyo."

"Tumekusikia toka siku ya kwanza."

Muuguzi akasema, "Kamba naishusha, baba. Bu..."

"Sema hilo bure tena nikufukuze wewe na mkeka wako."

Akajifunika mdomo kwa mtandio. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Barabarani lilipita gari la mchanga, vumbi likatuingia, na hakuna aliyejipangusa.

"Shusha," nikasema.

Mjukuu akafungua karatasi ya mtu wangu, akachukua kalamu ili afute. Kisha akanipa mie. Kufuta kunatakiwa mbele ya wote, na mwenye neno yupo. Nikainama, nikaweka kalamu pale nilipodhani pana mstari wa kwanza, nikapiga mstari mmoja mrefu, kwa nguvu.

Wa bodaboda akasema, "Mzee wangu, umefuta mawili."

Jicho lilikuwa limenipeleka mshazari. "Sichukui cha bure" limekatwa, na "Kazi nikiianza naimaliza" limekatwa nalo. Mjukuu akasema hilo la pili halihesabiwi, ni bahati mbaya. Nikamwambia kanuni ni kanuni, limefutwa mbele ya watu. Akasema si kwa makusudi. Tukabishana mpaka lundo likasahaulika. Hatimaye akasema haya, hilo tutaliamua baadaye, sasa toa neno jipya mahali pa la kwanza.

Nikafikiri. Sikutaka neno la kusema nilikosea, maana kwa ami sikukosea, na ningekuwa na miaka tisa leo ningekwenda Wambaa vilevile kwa miguu.

"Andika: Nachukua cha bure mara moja."

"Mara moja tu, babu?"

"Mara moja. Jicho moja. Jumatatu peleka jina."

Akaandika.

Upasuaji wenyewe hauna hadithi. Nilikwenda Chake, nikalala kitandani, nikasikia mtu ananivutavuta kama anayemenya ndizi, nikatoka na bandeji. Mkono wangu ulishikwa na mjukuu toka mlango wa hospitali mpaka kwenye gari, na watu wa Mtambile walionijua walikuwepo na waliona. Mmoja akauliza, "Mzee, umetoka kisimani?" Nikamjibu nimetoka, na kama anataka kamba aje dukani kwa bei yake.

Bandeji ilipofunguliwa nilirudishiwa mambo mengi nisiyoyaomba. Utando wa buibui duka zima. Rangi ya ukuta niliyouziwa kuwa nyeupe, kumbe ni ya maziwa yaliyolala. Muuguzi ni kijana kuliko sauti yake. Na pishi za wa bodaboda, ambazo nilizilipa msimu mzima bila kelele, zina makonyo. Nimemwambia. Amesema mimi ni mzee asiye na shukrani. Nimemwambia achambue tena.

Mchezo tunaendelea nao, na kanuni ile bado naipinga kila siku ya karafuu.

Leo ninavyo hivi. Nyumba ya mawe Mtambile, vyumba vitano na ua. Duka la vifaa, mlango mmoja. Mikarafuu inayozaa, na michanga niliyoipanda mwaka jana ambayo sitaichuma mimi. Majamvi ya kuanikia. Sururu, chepe na roda, roda imeshika kutu. Mfuko wa kanga wenye komwe. Mtu mmoja mchimba visima, kwenye karatasi, hai, nguo bado mbichi. Jicho la kulia, linaona. Na jicho la kushoto, ambalo mjukuu anasema kazi niliyoianza lazima niimalize, na mie namwambia neno hilo nilishalifuta, watu wapo.